Mchujo wa Democratic wa 2008: rangi ilifanya kazi gani, na chama kilifanya kazi gani?

Msomaji wetu wa Kisumu anauliza: "Wazee wa huku husema Obama alimshinda Hillary Clinton katika mchujo wa chama cha Democratic mwaka 2008 kwa sababu weusi walimpigia mtu wa rangi yao, kwamba damu ni nzito kuliko maji, na kwamba Wazungu wa Clinton nao walikihama chama kwa sababu hiyohiyo. Je, ni kweli? Na kama rangi ilikuwa na nguvu kiasi hicho, uaminifu kwa chama ulibaki na kazi gani?"

Ndugu yangu, wazee hao wameliona jambo lililokuwepo, ila wamelisoma kuanzia mwisho. Ni kweli kwamba kufikia Machi 2008, katika jimbo kama Mississippi, weusi karibu tisa katika kila kumi walimpigia Obama na Wazungu takriban saba katika kila kumi wakampigia Clinton, na aliyeanza kufuatilia siku hiyo angeapa kwamba ule ulikuwa uchaguzi wa rangi na basi. Lakini hali haikuwa hivyo miezi mitano kabla, wala haikuwa hivyo katika majimbo yote, na sababu zilizoifikisha hapo zilipitia ndani ya chama. Kwa maoni yangu, mchujo ule hauwezi kueleweka kwa kuitenga rangi na chama kana kwamba mpiga kura alilazimika kuchagua kimoja.

Nianze na tukio ambalo huku Afrika Mashariki halitajwi sana. Mwaka 2000 Obama, wakati huo akiwa mjumbe wa seneti ya jimbo la Illinois, aligombea kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani katika wilaya ya kwanza ya uchaguzi ya Illinois, upande wa kusini wa jiji la Chicago, ambako wapiga kura wengi walikuwa weusi. Mwenye kiti alikuwa Bobby Rush, mweusi pia, aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, kundi la weusi lenye msimamo mkali, jijini humo. Katika mchujo wa Democratic Rush alipata takriban asilimia 61 na Obama takriban asilimia 30. Weusi wa Chicago walimwona kijana wa Harvard, mwalimu wa sheria wa chuo kikuu, mtu asiye na mizizi kwao, na wakabaki na yule waliyezoeana naye makanisani na mitaani. Obama alikuwa na rangi ileile mwaka 2000 aliyokuwa nayo mwaka 2008, na haikumsaidia kitu.

Mwaka 2006 ulileta ushahidi wa upande wa pili. Chama cha Republican kilisimamisha weusi watatu wenye majina makubwa: Michael Steele kwa useneta wa Maryland, Ken Blackwell kwa ugavana wa Ohio, na Lynn Swann, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, kwa ugavana wa Pennsylvania. Wote watatu walishindwa na Wazungu wa chama cha Democratic, na kila mahali weusi walio wengi waliwapigia Wazungu hao. Huko Maryland baadhi ya wanasiasa weusi wa Democratic walimuunga mkono Steele hadharani, na bado takriban robo tatu ya kura za weusi zilikwenda kwa mpinzani wake Mzungu, Ben Cardin. Mtu akikuambia kwamba damu ni nzito kuliko maji, mwulize damu ilikuwa wapi Novemba ya mwaka huo.

Uaminifu huo kwa chama una historia, na si historia ya mapenzi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe weusi walikuwa watu wa Republican, chama cha Lincoln, rais aliyekomesha utumwa. Wakaanza kuhamia Democratic kwa wingi wakati wa Rais Franklin Roosevelt wa Democratic, katika miaka ya 1930, na kuhama kukakamilika mwaka 1964, Rais Lyndon Johnson wa Democratic aliposaini sheria ya haki za kiraia huku mgombea wa Republican, Barry Goldwater, akiwa ameipigia kura ya hapana. Tangu hapo weusi wamekuwa wakipiga kura kwa pamoja kwa sababu wanajua kwamba wao ni wachache nchini, na kura za wachache zikitawanyika hakuna atakayezihesabu. Anayekiuka makubaliano hayo huulizwa na jamaa zake, na wenzake wa kanisani na wa chama cha wafanyakazi, kwa nini ameidhoofisha sauti yao. Kwa hiyo kwa mpiga kura mweusi wa Marekani kukitii chama ni namna mojawapo ya kuilinda jamii yake, na ndiyo maana nasema vitu hivi viwili havitenganishiki kirahisi.

Sasa tazama hali ya mwaka 2007. Mpaka vuli ya mwaka huo tafiti za maoni za kitaifa zilimweka Clinton mbele ya Obama hata miongoni mwa weusi wa Democratic. Familia ya Clinton ilikuwa na akiba kubwa kwao: miaka minane ya Ikulu, uteuzi wa mawaziri weusi, urafiki wa muda mrefu na wachungaji na wabunge. John Lewis, mbunge wa Georgia aliyepigwa na askari kwenye daraja la Selma mwaka 1965 akiandamana kudai haki ya weusi ya kupiga kura, alitangaza Oktoba 2007 kwamba yuko na Clinton. Charles Rangel, mbunge mweusi wa mtaa wa Harlem jijini New York, alikuwa na Clinton tangu mwanzo na hakubanduka mpaka mwisho. Hapakuwa na ajabu katika hilo. Mwaka 1984 pia, mchungaji mweusi Jesse Jackson alipogombea urais, mameya weusi kama Coleman Young wa Detroit walimuunga mkono mpinzani wake Mzungu, Walter Mondale, kwa hoja kwamba hamu ya kumwona mweusi akigombea isiwapotezee nafasi ya kumng'oa Rais Reagan wa Republican.

Swali lililowazuia weusi wengi mwaka 2007 lilikuwa la hesabu: je, Wazungu watampigia? Kwa mtu anayekihitaji chama kishinde, kumpa kura mgombea asiyeweza kushinda ni kujidhuru mwenyewe. Jibu lilitoka kwa Wazungu wenyewe, tarehe 3 Januari 2008, katika mikutano ya wanachama ya Iowa, ambamo watu walikusanyika kumchagua mgombea badala ya kupiga kura vituoni, jimbo ambalo zaidi ya watu tisa katika kumi ni Wazungu. Obama alipata takriban asilimia 38, John Edwards 30, Clinton 29. Ndani ya wiki chache kura za weusi zilihama. Ilibidi Wazungu wa Iowa wafungue mlango ndipo weusi wa South Carolina waingie, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba kura ile haikuwa ya rangi kwa maana rahisi.

South Carolina ilipiga kura tarehe 26 Januari, wiki zilezile ambazo Kenya ilikuwa ikiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba, na nadhani ndiyo maana wazee wengi wa Kisumu walizisoma habari za Marekani kwa miwani ya nyumbani. Weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wapiga kura wa mchujo huo, na takriban asilimia 78 yao walimpigia Obama. Alishinda kwa asilimia 55 dhidi ya 27 za Clinton. Siku hiyohiyo Bill Clinton aliwakumbusha waandishi wa habari kwamba Jesse Jackson naye alishinda South Carolina mwaka 1984 na mwaka 1988. Maneno hayo, ukiyachukua kama yalivyo, ni kweli tupu. Lakini weusi wengi waliyasikia kama kuambiwa kwamba ushindi wao ni wa weusi tu na kwa hiyo haufiki mbali, tena wakiambiwa hivyo na mtu waliyemlinda wakati wa kashfa zake. James Clyburn, kiongozi mweusi mwenye sauti kubwa kuliko wote katika jimbo hilo, alieleza baadaye hadharani jinsi weusi walivyokasirishwa na mwenendo wa rais huyo wa zamani. Mwishoni mwa Februari John Lewis alimwacha Clinton na kwenda kwa Obama. Clinton hakupoteza kura za weusi kwa sababu ni Mzungu. Alikuwa nazo akiwa Mzungu yuleyule. Alizipoteza pale mpinzani wake alipothibitika kuwa anaweza kushinda, na pale upande wake ulipoonekana kuudharau uaminifu uleule uliokuwa umembeba.

Hapa niingie katika kanuni, kwa sababu ndipo sehemu ya swali lako isiyojibiwa mara nyingi ilipo. Mchujo wa chama kule Kusini una kumbukumbu chungu. Kwa miongo mingi jimbo kama Texas lilikuwa ngome ya Democratic, na katika ngome, kama Wakenya wanavyojua vizuri, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Siku ya uchaguzi mkuu ni ya kutia muhuri tu. Kwa kulijua hilo, Wazungu wa Texas waliwazuia weusi kushiriki mchujo: kwanza kwa sheria ya mwaka 1923, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta sheria hiyo, kwa madai kwamba chama ni klabu ya watu binafsi inayojichagulia wanachama. Lonnie Smith, daktari wa meno mweusi wa Houston, alinyimwa karatasi ya kura katika mchujo wa mwaka 1940. Kesi yake, iliyosimamiwa na mawakili akiwemo Thurgood Marshall, ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1944 majaji wanane dhidi ya mmoja waliamua kwamba mchujo ni sehemu ya uchaguzi na rangi haiwezi kuwa sharti la kushiriki.

Ruka mpaka Texas ya mwaka 2008. Jimbo lilikuwa na wajumbe 193 wa kugombewa, yaani watu wanaokwenda mkutano mkuu wa chama kumpigia kura mgombea, na kati yao 126 waligawanywa kwa wilaya za seneti ya jimbo. Lakini wilaya hazikupewa wajumbe sawa. Chama kilizipima kwa kura walizopata wagombea wake katika uchaguzi mkuu wa rais wa 2004 na wa ugavana wa 2006: wilaya iliyokipa chama kura nyingi ilipewa wajumbe wengi. Wilaya ya Austin ilipata 8, wilaya ya Houston yenye weusi wengi ilipata 7, ilhali wilaya kadhaa za Walatino kusini, karibu na mpaka wa Mexico, ambako Clinton alikuwa na nguvu, zilipata 3 au 4. Clinton alishinda kura za mchujo wa Texas kwa takriban asilimia 51 dhidi ya 47, lakini baada ya mikutano ya wanachama iliyofanyika usiku uleule na kuhesabiwa pamoja na mchujo, Obama aliondoka na wajumbe 99 na Clinton 94. Katika jiji alikofukuzwa Lonnie Smith, uaminifu wa weusi kwa chama ulikuwa umeandikwa ndani ya kanuni kama uzito wa ziada.

Kanuni ya pili ilikuwa mgao kwa uwiano wa kura. Chukua wilaya yenye wajumbe 4. Mgombea akishinda kwa asilimia 60 dhidi ya 40, wajumbe wanagawanywa 2 kwa 2, kwa sababu ili kupata 3 unahitaji zaidi ya asilimia 62.5. Ushindi wa kawaida katika wilaya kama hiyo, kwa hiyo, hauleti faida yoyote. Faida inatokana na ushindi mkubwa mno. Clinton alishinda majimbo makubwa kwa tofauti za wastani, Obama alishinda wilaya za weusi na majimbo madogo ya mikutano ya wanachama kwa tofauti kubwa mno. Tarehe 5 Februari Clinton alichukua New Jersey kwa wajumbe 59 dhidi ya 48, faida ya 11. Siku hiyohiyo Obama alichukua Idaho, jimbo lenye weusi wachache kabisa, kwa 15 dhidi ya 3, faida ya 12. Nionavyo mimi, kuyapuuza majimbo kama Idaho ndiko kulikomgharimu Clinton kuliko jambo lolote lililosemwa kuhusu rangi. Na kanuni hiyo ya uwiano ilienezwa katika majimbo yote kutokana na shinikizo la Jesse Jackson baada ya mchujo wa 1988, ambamo alilalamika kwamba wajumbe aliopata hawalingani na kura zake. Mgombea mweusi aliyeshindwa aliacha kanuni iliyomsaidia aliyemfuata miaka 20 baadaye.

Tuwageukie Wazungu. Hawakuwa kundi moja. Tarehe 12 Februari Obama alishinda Virginia kwa asilimia 64, na Wazungu wa mchujo ule waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Wiki moja baadaye alichukua Wisconsin kwa asilimia 58, na Mei alishinda Oregon. Majimbo hayo mawili yana weusi wachache. Vijana na wenye shahada walielekea kwake. Wazee, wanawake wa umri wa Clinton na wafanyakazi wasio na shahada walielekea kwa Clinton. Wengi wa kundi hili la pili walikuwa na sababu zao halali, ikiwemo hamu ya kumwona mwanamke akiwa rais, na ni kuwaonea kuzitia zote katika kapu la ubaguzi.

Hata hivyo rangi ilikuwepo, na pahala ilipoonekana wazi ni milima ya Appalachia. Tarehe 13 Mei, wakati Obama alikuwa karibu ameshashinda kwa hesabu ya wajumbe, West Virginia ilimpa Clinton asilimia 67 na Obama 26. Wiki moja baadaye Kentucky ikampa Clinton asilimia 65. Katika mahojiano ya watu waliokuwa wakitoka vituoni, takriban Mzungu mmoja katika watano alikiri kwamba rangi ilichangia uamuzi wake, na wengi mno kati yao walikuwa wamempigia Clinton. Siku chache kabla ya kura ya West Virginia Clinton mwenyewe alilieleza gazeti moja kwamba uungaji mkono wa Obama ulikuwa ukipungua miongoni mwa Wamarekani wachapakazi, Wamarekani Wazungu, kauli iliyowakera hata baadhi ya watu wake.

Je, hawa ndio waliokihama chama? Hapa wazee wako wamekosea kabisa. Katika majimbo hayo mawili zaidi ya nusu ya walioandikishwa kwa vyama walikuwa Democratic, urithi wa enzi za migodi ya makaa ya mawe na vyama vya wafanyakazi, lakini majimbo yote mawili yalikuwa yamempigia George W. Bush wa Republican mwaka 2000 na tena mwaka 2004. John Kerry, Mzungu aliyekuwa mgombea urais wa Democratic, alipata takriban asilimia 43 West Virginia mwaka 2004. Obama alipata karibu kiasi hichohicho mwaka 2008. Kentucky Kerry alipata chini kidogo ya asilimia 40, Obama akapata 41. Walioonekana kuhama walikuwa wameshahama zamani na kuacha majina yao daftarini, wakirudi siku ya mchujo kupiga kura dhidi ya mgombea wasiyemtaka. Hata mwaka 2012, Obama akiwa rais aliyeko madarakani, mchujo wa West Virginia ulimpa asilimia 41 mfungwa aliyekuwa akitumikia kifungo katika gereza la Texas, ambaye wapiga kura wengi hawakumjua hata kwa sura. Palipo na ushahidi wa kuhama kweli ni Arkansas, jimbo la nyumbani la akina Clinton, ambako Obama alishuka kutoka takriban asilimia 45 za Kerry hadi 39.

Vitisho vya kuhama vilikuwepo, tena vikubwa. Machi 2008 uchunguzi wa maoni wa Gallup ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wafuasi wa Clinton wangempigia John McCain wa Republican endapo mgombea angekuwa Obama, na asilimia 19 ya wafuasi wa Obama wangefanya hivyo endapo angekuwa Clinton. Chama kilikuwa na hofu ya pande mbili. Viongozi mia kadhaa waliokuwa na kura kwenye mkutano mkuu bila kufungwa na matokeo ya jimbo lolote wangeweza, kwa kanuni, kumpa Clinton ushindi; lakini kufanya hivyo dhidi ya mgombea mweusi aliyeongoza kwa wajumbe kungekuwa kuwatukana wapiga kura watiifu kuliko wote, na bila hao chama hakina Michigan, hakina Pennsylvania. Wengi wao waliamua kwa hesabu hiyo, hata walipokuwa marafiki wa Clinton.

Clinton alisitisha kampeni tarehe 7 Juni. Tarehe 27 Juni yeye na Obama walisimama jukwaa moja katika mji mdogo wa Unity, New Hampshire, uliochaguliwa kwa jina lake lenye maana ya umoja, na kwa sababu katika mchujo wa Januari kila mmoja wao alikuwa amepata humo kura 107. Agosti, mjini Denver, Clinton ndiye aliyeomba mkutano mkuu umpitishe Obama kwa sauti moja. Novemba, kwa mujibu wa mahojiano ya vituoni, asilimia 89 ya wanaojitambulisha kuwa Democratic walimpigia Obama, sawa na walivyompigia Kerry miaka minne kabla. Wapo wafuasi wa Clinton waliomwendea McCain, na baadhi yao waliongozwa na rangi, lakini walikuwa wachache kuliko walivyotangaza Machi.

Ukitaka kipimo cha mwisho cha dai la wazee wako, tazama South Carolina ya mwaka 2020. Kamala Harris na Cory Booker, maseneta wawili weusi, walikuwa wameshajitoa kwa kukosa uungwaji mkono, weusi wakiwemo miongoni mwa waliokuwa wakimpendelea mtu mwingine tangu mwaka uliotangulia. Tarehe 26 Februari James Clyburn, yuleyule, alimtangaza mtu wake, na siku tatu baadaye weusi wa jimbo hilo wakamvusha kwa takriban asilimia 49 ya kura zote Mzungu wa miaka 77, Joe Biden, aliyekuwa ameshindwa Iowa, New Hampshire na Nevada.